Nyangi na Printa ya Vyumba Sita

Kwa miaka tisa printa pekee ya ofisi yetu ilikaa mezani kwangu, na kwa miaka tisa sikumaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Ofisi ni ya umoja wa wakulima, iko hapa Bomani, mjini Tarime, vyumba sita kwenye korido moja. Mimi ni mtu wa masijala, chumba cha mwisho. Ukiwa chumba cha kwanza na barua yako imekamilika, unafanyaje? Unaiweka kwenye flashi, unatembea korido nzima, unafungua mlango wangu bila hodi na kusema, "Mama Brayan, samahani, karatasi moja tu." Karatasi moja inazaa kumi na nne. Mimi nainuka kwenye kiti changu mwenyewe, nampisha mtu, nasimama ukutani mpaka amalize.

Na hizo flashi, Mungu anisamehe. Flashi ya Tabitha, afisa wanachama, ilikuwa na virusi hadi kompyuta yangu ikaanza kusuasua kila alipoingia, hata kama amekuja kunisalimia tu. Nimesema haya mapema ili mjue kwamba ninapomsifia Nyangi simsifii kwa upendeleo. Namsifia kama mtu aliyetolewa mwiba mguuni.

Nyangi Magige alikuja kwetu kuwa mhudumu. Deki asubuhi, chai saa nne, barua posta, deki tena jioni. Binti wa Gorong'a, darasa la saba, watoto wawili, mwembamba na mkimya. Lakini ukimya wake haukuwa wa woga. Mafundi walipokuja kutandaza nyaya za intaneti ukutani, wengine wote tulikwenda kuota jua, yeye akabaki anawashikia ngazi na kuuliza waya huu unakwenda wapi na ule unatoka wapi. Jioni nilimkuta ameandika yote kwenye daftari la mistari la mwanawe, na picha ya korido yetu ameichora kwa kalamu ya bluu.

Jumamosi alikuwa anakwenda Sirari kumsaidia shemeji yake, mwenye stesheneri karibu na mpaka. Ndiko alikojifunzia. Siku moja ananimiminia chai, mimi nimesimama ukutani kama kawaida, Tabitha amekalia kiti changu, akaniuliza polepole, "Mama Brayan, kule kwa shemeji kuna kompyuta tatu na printa moja. Kila mtu anaprinti akiwa ameketi. Ninyi wasomi mbona mnatembea?"

Nilikasirika, kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Basi mwaka jana ikabandikwa karatasi kwenye ubao wa matangazo: inatangazwa nafasi ya msaidizi wa TEHAMA, watumishi wa ndani wanaruhusiwa kuomba, uzoefu utazingatiwa. Nyangi alipiga deki chini ya ubao ule siku tatu mfululizo. Sakafu ya pale haijawahi kung'aa vile. Siku ya nne akavua kanga ya kazi, akaikunja, akagonga mlango wa Meneja Sylvester. Mimi nilikuwa ndani napeleka faili, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

"Shikamoo, Meneja. Nimekuja kwa habari ya ile nafasi."

"Marahaba, Nyangi. Nafasi ipi?"

"Ya TEHAMA."

Meneja si mtu mbaya. Hakucheka kwa sauti. Alicheka kwa mabega. "Nyangi, hiyo ni kazi ya watu waliosomea. Mimi hapa nina mpango wa kumwita fundi kutoka Mwanza aje anunue printa ndogo kwa kila chumba. Wewe utaanzia wapi?"

"Sihitaji printa sita. Iliyopo inatosha. Nitaiunganisha, uprinti ukiwa hapo ulipoketi."

Meneja akanitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyemtuma. Nikatazama dari.

"Haya," akasema. "Mkutano mkuu wa wajumbe ni Alhamisi, si ya wiki ijayo, ile inayofuata. Mpaka siku hiyo, kama vyumba vyote sita vinaprinti bila mtu kuinuka na flashi, nafasi ni yako, nitasaini barua siku hiyohiyo. Ikishindikana, fundi anakuja Ijumaa, na ndoo yako iko palepale pa siku zote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Meneja."

Nyangi akatoka nje, akajifunga tena kanga ya kazi. Aliniambia baadaye kwamba hakuogopa kushindwa kazi, aliogopa ile ndoo. Alikuwa ameibeba miaka kumi na moja, na alisema anaweza kuibeba mingine kumi na moja, ila hawezi kuibeba baada ya kuomba kuiweka chini mbele za watu.

Ijumaa ya wiki ileile, watu walipokwenda kula, alifanya kazi yake. Mimi nilibaki kumtazama, nikitafuna kashata. Nilitegemea makubwa, nyaya mpya, bisibisi, cheche. Hakuna. Nyaya za intaneti zilikuwa tayari zimeunganisha vyumba vyote. Alikaa kwenye kompyuta yangu, akairuhusu printa itumiwe na kompyuta nyingine za ofisi. Kisha akapita chumba hadi chumba, na kwenye kila mashine akafungua orodha ya kompyuta za ofisi, akaitafuta ya kwangu, akaiambia ile mashine: ukitaka kuprinti, mwite huyu. Kompyuta yangu niliirithi kwa mzee wetu wa masijala aliyestaafu, na kwenye orodha ilikuwa bado na jina lake, MARWA. Ilimchukua saa moja na nusu tu, akarudi kuosha vikombe.

Jumatatu saa tatu nilikuwa peke yangu chumbani, printa ikaanza kunguruma yenyewe. Nilishtuka nikasema "Karibu!" Ikatoa barua ya Meneja, aliyeko mwisho mwingine wa korido. Nikaipeleka. Meneja aliigeuza mbele na nyuma akiitafuta hila. Siku hiyo nilikunywa chai ya moto kikombe kizima, nikaongeza cha pili kwa kiburi tu.

Jumanne ikafa.

Meneja anabonyeza, kimya. Tabitha anabonyeza, inatoa moja na kugoma ya pili. Watu wakaanza kutafuta flashi zao kwenye mikoba. Nyangi akazunguka vyumba vyote akikagua, kila kitu kiko sawa, hakuna waya uliochomoka. Jumatano ikafufuka bila kuguswa na mtu. Alhamisi ikafa tena. Ijumaa ikafanya kazi, Jumatatu pia. Jumanne ya pili, zikiwa zimebaki siku mbili kufika mkutano, ikafa kifo kibaya kuliko vyote.

Hapo ndipo Tabitha alipopata ufunuo. Tabitha ni mwalimu wa kwaya na haamini mambo ya kienyeji, yeye mwenyewe atakwambia. Alisimama kwenye korido, mkono kiunoni, akasema, "Mimi simsemi mtu. Ila hesabuni siku. Jumanne na Alhamisi ni nani huwa anakuja hapa?"

Kila mtu akahesabu. Anayekuja Jumanne na Alhamisi ni Marwa wa Matiko, bwana shamba wetu wa upande wa Gorong'a. Kijana wa miaka thelathini na tano, mpole, buti zina tope mwaka mzima. Hufika na pikipiki saa moja na nusu asubuhi, kabla yetu sote, anachomeka laptopu yake kwenye waya wa chumba cha pili na kuandika taarifa za mahindi. Mimi huwa nafika saa mbili na kitu. Hicho kitu tusikizungumzie.

"Ana mkosi," akasema dereva wa ofisi.

Ilianza kama mzaha. Kufikia saa nne haikuwa mzaha tena. Mtu mmoja alimwomba Marwa asipite karibu na mlango wangu. Mwingine akamuuliza kama siku hizi ana ugomvi na mtu kwao. Na Meneja, mwenye shahada, alimwita pembeni akamwambia kwa adabu zote, "Mura, kijana wangu, Alhamisi taarifa yako nitaisoma mimi. Wewe usiingie ndani. Kaa na wajumbe nje kwenye turubai." Marwa akachukua laptopu yake, akaenda kukaa barazani na hindi lake la kuchoma, mgongo kwetu. Niliona haya. Nilikuwa nimecheka na wenzangu, na sasa namwona mtoto wa watu amekaa nje ya ofisi yake mwenyewe kama mshtakiwa.

Nyangi alimfuata na kikombe cha chai. Dirisha langu linatazama barazani, na masikio yangu hayajastaafu.

"Usiwajali," alimwambia. "Hebu niambie, hiyo laptopu ikiwaka asubuhi huwa inasema chochote?"

"Kuna kidirisha kinatokea kona ya chini. Kiingereza kingi. Mimi nakifunga."

"Kila siku?"

"Nikiwa hapa tu. Nyumbani hakitokei."

"Washa nione mashine yako inaitwaje."

Akawasha. Nyangi akainama, akasoma, kisha akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akashika nguzo ya baraza. Akaja mbio chumbani kwangu, hata hodi hakupiga, akafungua kompyuta yangu na kunionyesha kwa kidole. MARWA. Akanivuta mkono mpaka barazani, akanionyesha ya bwana shamba. MARWA.

"Sasa?" nikauliza. Wallahi sikuona kitu. Marwa ni jina la watu. Ukisimama sokoni Bomani ukaita Marwa, wanageuka kumi na wa kumi na moja anauliza unamtaka Marwa gani. Fundi wa Mwanza angeshangaa kuona jina moja mara mbili. Sisi Wakurya tungeanzaje kushangaa?

"Mama Brayan, sikiliza," akasema. "Bibi yangu alikuwa na wajukuu watatu wanaoitwa Robi, boma moja. Akiwa shambani akaita, 'Robi, epua uji!' siku nyingine wanakimbilia wote watatu, wanagongana mlangoni. Siku nyingine haendi hata mmoja, kila mmoja anadhani ameitwa mwenzake. Uji unaungua. Sasa Meneja huko chumba cha kwanza anaita Marwa. Printa iko kwa Marwa wako. Lakini huyu wa Gorong'a amefika mapema kukuzidi wewe, anaitika yeye, na yeye printa hana."

Nikakaa kwenye ngazi. Marwa akaacha hindi.

"Bibi alifanyaje?" nikauliza.

"Akaanza kuita na jina la baba. Robi wa fulani, Robi wa fulani. Uji haukuungua tena."

Palepale barazani akaibadilisha jina laptopu. Ya kwangu hakuigusa, kwa sababu vyumba vyote vilishazoea kuiita hivyo, na mwenye nyumba hahami kwa ajili ya mgeni. Laptopu akaipa jina MARWA-MATIKO. Ikazima, ikawaka, na kile kidirisha cha kona hakikutokea. Tukaingia ndani mbio kujaribu, na tulipofika mlangoni umeme ukakatika. Haukurudi mpaka jioni, Marwa ameshaondoka na pikipiki yake.

Kwa hiyo Jumatano tulikuwa na dawa ambayo haijajaribiwa, na ndipo Nyangi aliponitia wazimu. Nilimwambia, tena nikiwa nimemshika mabega, "Marwa hayupo leo, printa inafanya kazi. Kesho ameambiwa akae nje. Itafanya kazi. Chukua nafasi yako, mama. Habari za Marwa tutazisema wiki ijayo."

"Hapana. Kesho aingie."

"Na kama ulikosea?"

"Nitakuwa nimekosea. Lakini akibaki nje na printa ikafanya kazi, wataamini ni mkosi wake umebaki nje. Ataitwa mwenye mkosi mpaka atakapozeeka. Mimi siwezi kupata cheo juu ya mgongo wa mtu."

"Nyangi, ndoo!"

"Naijua ndoo, Mama Brayan. Naijua kukuzidi wewe."

Sikulala vizuri, na Marwa aliyekuwa akitetewa hakuwa hata ndugu yangu.

Alhamisi uwanja ukajaa. Wajumbe wametoka Gorong'a, wametoka Kerende, wazee na fimbo zao, akina mama na vitenge vya sherehe, turubai limefungwa, sufuria ziko jikoni. Taarifa ya mwaka ilikuwa haijachapishwa hata ukurasa mmoja, kwa maana Meneja alikuwa anabadilisha maneno mpaka dakika ya mwisho. Saa tatu akatoka kwenye korido na jasho puani. "Haya, tuprinti sasa. Huyu kijana yuko nje?"

"Yuko nje," akasema Tabitha. "Nimehakikisha mwenyewe."

"Naomba aingie," akasema Nyangi.

Korido yote ikageuka. Alikuwa amesimama karibu na swichi ya mtandao, kile kisanduku zinakokutana nyaya zote, daftari la mwanawe mkononi, amevaa gauni la kanisani.

"Nyangi," akasema Meneja, "leo si siku ya majaribio."

"Meneja, ulisema vyumba vyote sita. Marwa anafanyia kazi chumba cha pili. Asipokuwemo, ni vyumba vitano. Sitaki nafasi ya vyumba vitano."

Mimi nilifumba macho. Nilipofumbua, Meneja alikuwa ametikisa kichwa kumwelekeza dereva, na dereva ametoka. Marwa akaingia, kofia mkononi, akitembea katikati ya watu waliojibana ukutani ili asiwaguse. Akaketi chumba cha pili. Akachomeka waya. Akawasha. Tukangoja laptopu iamke, na nawaambia, mjumbe wa Kerende nje alikuwa akikohoa na sisi tukasikia kila kikohozi.

"Tayari," akasema Marwa.

Meneja akaingia chumba cha kwanza akabonyeza. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia mezani kwangu, nimesimama mbele ya printa nimeikunjia ngumi. Haikufanya kitu. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Nikaiambia kwa Kikurya maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Taa ya kijani ikapepesa, tumbo likanguruma, na karatasi ya kwanza ikatoka, TAARIFA YA MWAKA, imenyooka, ya moto kama kitumbua.

Nilipiga kigelegele mpaka wajumbe nje wakadhani mkutano umefunguliwa, nao wakapiga vyao.

Zikatoka moja baada ya nyingine. Tabitha akatuma orodha ya wanachama kutoka chumba cha tatu, ikaja. Chumba cha nne, ikaja. Cha tano, ikaja. Kisha Nyangi akasimama mlangoni pa chumba cha pili akamwambia Marwa, mbele ya wote, "Sasa wewe." Marwa akabonyeza kwa kidole kimoja, kidole kina tope hadi kwenye kucha. Taarifa ya mahindi ya Gorong'a, kurasa saba, ikatoka yote bila kusita. Mimi mwenyewe niliishika juu na kupita nayo korido nzima ili kila aliyesema neno mkosi aione, na nilianza na nafsi yangu.

Nyangi aliwaeleza kisa cha akina Robi watatu. Walicheka mpaka Meneja akavua miwani kufuta macho. Tabitha hakucheka sana. Alikwenda chumba cha pili na sahani ya pilau kabla hata wazee hawajapakuliwa, akaiweka mbele ya Marwa, akasema, "Bwana shamba, mimi kinywa changu." Marwa akasema yameisha. Na mkutanoni alisoma taarifa yake mwenyewe, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

Saa kumi, wajumbe wameondoka, Nyangi alikuwa chumbani kwangu anapanga karatasi zilizobaki. Ndoo ilikuwa palepale kwenye kona ya korido, na hakuna aliyejua atakayeibeba jioni ile. Printa ikanguruma. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyebeba flashi. Ikatoka karatasi moja yenye nembo ya ofisi. Nyangi alikuwa karibu, akaichukua. Niliona midomo yake ikisoma. Kisha akakaa kwenye kiti changu, na mara ya kwanza katika miaka tisa sikuona vibaya mtu kukalia kiti kile. Alilia kidogo, akafuta macho kwa kiganja. Akaisoma mara ya pili. Akaniomba kalamu.

Akainuka, akatembea korido nzima na ile barua mkononi, mimi nyuma yake, nikipita ndoo nikaisogeza kwa mguu. Akagonga kwa Meneja.

"Umeipata?" akasema Meneja, anatabasamu. "Inaprinti vizuri, eh? Lete nisaini."

"Nimeipata, Meneja. Asante sana. Ila naomba uiandike upya."

Meneja akashtuka. "Kuna nini? Cheo si hicho?"

Nyangi akaiweka mezani na kuonyesha kwa kalamu, mstari wa juu, palipoandikwa: Kumteua Nyangi kuwa Msaidizi wa TEHAMA.

"Akina Nyangi wako wengi hapa Tarime," akasema. "Weka na Magige."